Kicheko Kilipelekwa Wapi? Mwelekezi, Hadhira na Maswali Baada ya Onyesho la Filamu la Kuchangisha Fedha

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kipindi cha maswali na majibu baina ya mwelekezi wa filamu na hadhira yake katika maonyesho yanayoandaliwa kwa ajili ya hisani. Tunashikilia kwamba kipindi hicho ni sehemu ya utendaji wenyewe, na kwamba kinairejeshea filamu uhusiano wa fanani na hadhira ambao teknolojia ya kurekodi huuvunja. Aidha, tunaonyesha kwamba haja ya kuchangisha fedha inaweza kuziba mdomo wa hadhira na kuathiri hata namna filamu inavyohaririwa. Mifano imetolewa kutokana na onyesho moja alilolihudhuria mwandishi, pamoja na filamu mbili zinazohusu Kenya. Mwisho, tunapendekeza hatua ambazo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuchukua vinapoandaa maonyesho ya aina hii.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba fanani na hadhira ni chanda na pete. Mtambaji anapotamka "Paukwa!" huwa anangoja "Pakawa!" Asipoitikiwa, hadithi haianzi. Akianza na kuona macho ya watoto yamelegea, atakifupisha kisa, ataingiza wimbo au atamfanya Fisi aanguke mara mbili badala ya mara moja. Utanzu huu hubadilika kulingana na walioketi mbele ya fanani.

Filamu haiko hivyo. Ikishakamilika, haimngoji mtu aitikie. Hata ukumbi ukiwa mtupu, picha itaendelea kupita ukutani hadi mwisho, na mhusika aliyelia jana atalia leo mahali pale pale na kwa kiasi kile kile. Ndiyo sababu baadhi ya wahakiki huiweka filamu karibu na riwaya kuliko ngano, ingawa filamu ina sauti, uso na mwondoko kama alivyo navyo mtambaji.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo filamu huirudia hali ya ngano. Taa zinawashwa, orodha ya walioitengeneza inamalizika, na mwelekezi anaitwa mbele akabidhiwe kipaza sauti. Hadhira iliyokuwa tuli kwa muda wa saa nzima inageuka kuwa hadhira tendi. Inauliza, inapinga, inasifu na hata kumsahihisha msanii. Kipindi hiki hakijashughulikiwa vya kutosha katika uhakiki wa Kiswahili. Mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja katika taarifa za hafla: "Baadaye mwelekezi alijibu maswali."

Makala haya yanachukulia sentensi hiyo kuwa mlango. Chanzo chake ni onyesho lililofanyika katika ukumbi wa mihadhara wa chuo kimoja jijini Nairobi. Lilionyesha filamu ya matukio ya kweli, ya dakika zisizozidi hamsini, kuhusu wanawake na watoto wa sehemu kame ya mashariki mwa nchi wanaotembea mwendo mrefu kutafuta maji. Kiingilio na michango ya ukumbini ilikusudiwa kununua tangi la maji la shule ya msingi ya kijiji hicho. Hatutaji majina kwa sababu lengo si kumhukumu yeyote, ila kuelewa kilichotokea. Miongoni mwa wageni alikuwamo mama mmoja aliyeonekana katika filamu hiyo. Aliketishwa safu ya mbele na kutambulishwa kwa makofi. Hakupewa kiti katika meza ya mwelekezi.

2.0 Istilahi na Msingi wa Nadharia

Ni vyema tufafanue istilahi chache. Anayeongoza utengenezaji wa filamu huitwa "mwelekezi" na wengi wetu nchini Kenya, ilhali wenzetu wa Tanzania hupendelea "mwongozaji". Wapo pia wanaomwita "mkurugenzi", istilahi ambayo ina udhaifu wa kumkumbusha msomaji ofisi na barua rasmi. Tutatumia "mwelekezi". Mtu anayeendesha hafla ukumbini tutamwita "mfawidhi". Neno "utendaji" tunalitumia kwa maana linalobeba katika fasihi simulizi: uwasilishaji wa kazi mbele ya hadhira, mahali na wakati maalumu.

Tumeongozwa na mihimili miwili. Wa kwanza ni mtazamo wa utendaji. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi barani Afrika, alisisitiza kwamba kazi simulizi haiwezi kuhakikiwa kikamilifu kwa kuyatazama maneno yaliyonakiliwa karatasini pekee. Lazima tumzingatie mtendaji, hadhira na hafla yenyewe. Mhimili wa pili ni nadharia ya upokezi iliyoasisiwa na Wajerumani Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser. Jauss alizungumzia upeo wa matarajio, yaani yale ambayo msomaji huja nayo kabla ya kuisoma kazi. Iser alizungumzia mapengo ambayo matini huyaacha ili msomaji ayajaze.

Mihimili hii inatusaidia kukwepa mtego mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi, akimaanisha kwamba maana ya matini haimilikiwi na aliyeitunga. Katika ukumbi wetu, aliyetangaziwa kifo alikuwa amesimama mbele, mzima, akinywa maji ya chupa. Je, arudishiwe mamlaka yote ya maana kwa sababu tu yupo? Jibu letu ni la. Mwelekezi anapojibu swali, anaongeza utendaji mwingine juu ya kazi yake, na utendaji huo nao unahitaji kuhakikiwa. Neno lake lina uzito, lakini si neno la mwisho.

3.0 Maswali na Sinema: Historia kwa Ufupi

Kuionyesha filamu na kuijadili palepale si jambo geni Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa kikoloni uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu za mafunzo ukiwa na makao yake Vugiri, Tanganyika, na kuzizungusha kwa lori katika makoloni kadhaa ya eneo hili. Maelezo yalitolewa katika lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, na waandalizi walikusanya maoni ya watazamaji. Hata hivyo, mwelekeo wa maswali ulikuwa mmoja. Mtazamaji aliulizwa ameelewa nini, bila ya kualikwa aulize kwa nini ameonyeshwa vile alivyoonyeshwa.

Mwelekeo huo uligeuzwa na wasanii wa baadaye. Nchini Argentina, Fernando Solanas na Octavio Getino walitoa filamu ndefu mwaka 1968, La hora de los hornos, iliyoonyeshwa kwa siri wakati wa utawala wa kijeshi na kuachiwa nafasi za kuisimamisha ili watu wajadiliane. Kwao, aliyeketi ukumbini alikuwa mshiriki. Huko Senegal, Ousmane Sembène, aliyekuwa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa, aliingia katika sinema kwa kutambua kwamba wengi aliowaandikia hawakuweza kuzisoma kazi zake. Mwaka huo huo wa 1968 alitoa Mandabi kwa lugha ya Kiwolofu. Aliiona sinema kama shule ya usiku, akizipeleka filamu zake kwa wananchi na kuketi nao kuzijadili. Tunaona hapa kwamba uamuzi kuhusu lugha ya filamu na uamuzi wa kujadiliana na hadhira vilikwenda sambamba. Asiyejua lugha ya kazi hawezi kuuliza swali kuihusu.

Nchini Kenya mfano ulio karibu zaidi na huu unatokana na jukwaa. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mazoezi ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, yalifanywa hadharani. Wanakijiji walisahihisha lugha, nyimbo na maelezo ya historia waliyoiishi wao wenyewe. Tamthilia hiyo ilipigwa marufuku mwezi Novemba mwaka huo. Funzo tunalolipata ni kwamba hadhira ikiruhusiwa kuuliza kabla ya kazi kukamilika, inakuwa mtunzi mwenza.

Tusisahau pia vibanda vya video. Huko, watambaji kama DJ Afro nchini Kenya na marehemu Lufufu nchini Tanzania walizichukua filamu za kigeni wakazisimulia kwa Kiswahili, wakiwapa wahusika majina mapya na kutia vichekesho mahali pasipokuwa na vichekesho. Wasomi wengi walilidharau jambo hili. Lakini kwa mtazamo wa utendaji, hawa ni mafanani walioikataa filamu bubu kwa hadhira na kuilazimisha iitike "Pakawa!"

4.0 Aina za Maswali

Tulipokuwa ukumbini tuliyaandika maswali yaliyoulizwa. Tukiyatazama kwa makini, yanaingia katika makundi matano. Uainishaji huu unaweza kumfaa mwanafunzi anayetaka kukusanya data katika hafla kama hizi.

(a) Swali la ufundi. Hili huuliza namna: mlitumia kamera gani, mlichukua muda gani, mliwezaje kurekodi sauti katika upepo? Ni swali salama. Humpa mwelekezi fursa ya kueleza jasho lake, na humpa muulizaji heshima ya kuonekana mjuzi.

(b) Swali la pongezi. Hili huvaa joho la swali ilhali ndani yake ni sifa. Muulizaji huanza kwa kusema jinsi alivyoguswa, kisha humalizia kwa "ni nini kilichokupa msukumo?" Katika fasihi simulizi, swali hili linafanya kazi ya vigelegele. Si la kubezwa, maana msanii anahitaji kutiwa moyo. Hata hivyo, vigelegele vikizidi, wimbo hausikiki.

(c) Swali la manufaa. Huuliza tufanye nini, fedha zitafikaje, tangi litawekwa lini. Katika onyesho la hisani swali hili ni haki ya kila aliyetoa shilingi yake. Hata hivyo, linaitoa filamu katika sanaa na kuitia katika uhasibu.

(d) Swali la ukweli. Je, tukio lile lilitokea vile tulivyoliona? Mtoto yule aliombwa arudie kutembea ili apigwe picha? Hili ni swali la uhakiki. Linagusa mpaka kati ya kushuhudia na kutunga.

(e) Swali la haki. Huuliza nani ana haki ya kusimulia, kwa lugha gani, na aliyesimuliwa ana usemi gani juu ya sura yake. Hili ndilo swali zito kuliko yote, na ndilo lisiloulizwa kwa urahisi.

Jioni ile maswali mengi yaliangukia makundi matatu ya kwanza. Yote, isipokuwa moja, yaliulizwa kwa Kiingereza, ingawa wanawake katika filamu walizungumza Kikamba na Kiswahili, na ingawa ukumbini hapakuwa na mtu hata mmoja asiyejua Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, huku kikibaki kuwa lugha ya taifa. Bado tukishika kipaza sauti ndani ya ukumbi wa chuo, ulimi wetu hukimbilia kule unakodhani kuna heshima.

Ni muhimu nikiri jambo hapa. Katika daftari langu nilikuwa nimeandika swali la aina ya (e). Nilitaka kujua ni kwa nini msimulizi wa filamu, yule asiyeonekana, anazungumza Kiingereza, huku wanaosimuliwa wakizungumza lugha zao na kuandikiwa tafsiri chini ya picha. Sauti inayofafanua ni ya mgeni, na sauti inayofafanuliwa ni ya mwenyeji. Nilikuwa tayari kuinua mkono. Wakati huo kikapu cha michango kilikuwa kinapitishwa, na kilikuwa kimefika safu mbili mbele yangu. Niliona kwamba kuuliza swali lile wakati ule kungesikika kama kisingizio cha mtu asiyetaka kutoa. Nikatia noti yangu kikapuni na kulimeza swali langu.

5.0 Swali la Mama

Mfawidhi alikuwa anatangaza kwamba muda umekwisha aliposimama yule mama wa safu ya mbele. Hakungoja kipaza sauti. Alizungumza Kiswahili, polepole, nasi tukamsikia vizuri:

"Kijana wangu, asante kwa kazi. Nimejiona pale nikilia. Ni kweli nililia. Lakini siku hiyo mlikaa kwangu tangu asubuhi mpaka jioni. Tulipika, tukacheka na wewe mpaka ukaangusha sufuria ya chai. Kicheko mlikipeleka wapi?"

Watu walicheka, kisha ukumbi ukanyamaza. Mwelekezi, ambaye alikuwa amejibu kila swali kwa Kiingereza fasaha, alijibu hili kwa Kiswahili. "Mama, tulikitoa. Tuliogopa watu wakikuona ukicheka watadhani huna shida."

Mama alitikisa kichwa. "Basi hawa wakija kwangu hawatanijua," akasema, na kuketi.

Kwa maoni yetu, huo ulikuwa uhakiki wenye kina kuliko wote uliotolewa jioni ile, na ulitolewa na mtu ambaye hafla haikumtarajia aseme neno. Hebu tuuchambue.

Kwanza, mama aligusa suala la uteuzi. Kila mtunzi huchagua, na mwandishi wa hadithi fupi huacha mengi kuliko anayoyaandika. Katika filamu ya matukio ya kweli uteuzi hujificha zaidi, kwa sababu kila kilichobaki kilitokea kweli. Hakuna uongo katika machozi yale. Lakini machozi ya kweli yakitengwa na kicheko cha kweli, kinachozaliwa ni mhusika mpya ambaye hakuwahi kuishi: mwanamke anayelia tu. Kwa istilahi za uhakiki, mhusika mviringo amepigwapigwa hadi akawa bapa.

Pili, mama alilionyesha pengo ambalo hadhira isingeweza kulijaza. Mapengo ya Iser ni yale ambayo matini huyaacha na kuyadokeza. Pengo hili halikudokezwa popote. Isingalikuwa kwamba aliyekatwa yuko ukumbini, tungetoka tukiamini kwamba tumemwona mzima. Hii ndiyo thamani ya kipekee ya kipindi cha maswali. Kinaweza kumleta shahidi wa yale yaliyoachwa.

Tatu, jibu la mwelekezi lilikuwa la ukweli, na anastahili heshima kwalo. Angeweza kujitetea kwa maelezo ya urefu wa filamu. Badala yake alifichua sababu halisi, nayo haikuwa ya kisanaa. Kikapu kilikuwa kimeingia katika chumba cha uhariri kabla hakijaingia ukumbini. Upeo wa matarajio ya wafadhili ulikuwa umeamua mapema ni sura gani ya mama ingefaa.

Nne, kauli ya mwisho ya mama ina hoja kuhusu maana ya hisani yenyewe. Anayesaidiwa anataka kujulikana. Msaada unaomfikia mtu asiyejulikana, kwa sura isiyo yake, unaweza kuleta maji na bado ukaacha fedheha.

6.0 Kikapu na Uhakiki

Ni nani atakayemkosoa mwenye kikapu mkononi? Hili ndilo tatizo la msingi la uhakiki katika maonyesho ya hisani. Hadhira huhisi kwamba kuikosoa filamu ni kumnyima mtoto maji. Hivyo uhakiki huwa mateka wa huruma.

Huenda msomaji akahoji: je, si afadhali tangi linunuliwe hata kama filamu ina dosari? Hoja hii ina uzito. Mtoto mwenye kiu hangoji wahakiki wakubaliane kuhusu wahusika bapa. Mama mwenyewe hakuikataa filamu. Alianza kwa kushukuru. Hata hivyo, hoja hiyo inachukulia kwamba ni lazima tuchague kati ya tangi na kicheko, na chaguo hilo halijathibitishwa. Linatokana na hofu ya mwelekezi kwamba anayecheka hasaidiwi. Je, katika harambee za vijijini mwetu, familia inayoomba karo hukaa ikilia ili ipewe? La. Hupika, hucheza, hutania wageni na kuimba. Watu hutoa wakiwa wanacheka pamoja na wenye shida. Dhana kwamba mhitaji sharti aonekane amevunjika haikutokana na harambee. Imejikita katika picha zinazotengenezewa watu walio mbali.

7.0 Filamu Mbili za Kulinganisha

Mifano miwili inaonyesha kwamba chaguo hilo si la lazima.

Wa kwanza ni A Small Act, filamu ya matukio ya kweli iliyoelekezwa na Jennifer Arnold na kuonyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani, mwaka 2010. Inasimulia kisa cha Chris Mburu, aliyekulia katika kijiji cha Mitahato, Kiambu, ambaye alilipiwa karo na Hilde Back, mwalimu aliyeishi Uswidi baada ya kukimbia mateso ya Wayahudi nchini Ujerumani. Mburu alisoma hadi Harvard, akawa mwanasheria wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa, na kuanzisha hazina ya elimu kwa jina la mfadhili wake. Filamu inawafuata pia wanafunzi wanaowania ufadhili huo kupitia mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Baada ya kuonyeshwa Sundance, watazamaji waliichangia hazina hiyo. Tunachopenda kusisitiza ni kwamba filamu haikumpunguza yeyote ili apate kuhurumiwa. Wanafunzi wana majina, tamaa, woga na ushindani. Mfadhili naye ana maisha na majeraha yake. Wala haifichi kwamba nafasi ni chache kuliko wahitaji. Watu walitoa kwa sababu waliwafahamu wahusika.

Wa pili ni Supa Modo, filamu ya kubuni ya mwelekezi Likarion Wainaina iliyotoka mwaka 2018 na kuonyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka huo. Jo, msichana mgonjwa ambaye hatapona, anatamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu kama wa sinema. Dada yake Mwix anakishawishi kijiji kizima kishiriki katika mchezo huo, na hatimaye wanatengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake. Hakuna jambo la kusikitisha kuliko kifo cha mtoto, lakini filamu hii imejaa utani na mbio. Zaidi ya hayo, ndani yake mgonjwa si kitu cha kutazamwa. Yeye ndiye anayesimulia anavyotaka kuonekana, na kijiji ndicho mtunzi mwenza. Tukiirejelea istilahi yetu, hadhira tendi imeshika kamera. Sidhani yupo mtazamaji anayetoka akidhani Jo hakuwa na shida kwa sababu alicheka. Kicheko chake ndicho kinachotuuma.

8.0 Mapendekezo

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili huandaa makongamano, maigizo na sasa maonyesho ya filamu kwa ajili ya kuwafadhili wenzetu wasio na karo au kuwasaidia majirani wa chuo. Tunatoa mapendekezo yafuatayo.

(i) Maswali yatangulie, kikapu kifuate. Wakati watu wanapouliza, fedha zisiitishwe. Anayetoa baada ya kuuliza na kujibiwa ametoa akijua.

(ii) Walioigizwa au kurekodiwa, wakihudhuria, waketi katika meza moja na mwelekezi. Kuwaketisha safu ya mbele na kuwapigia makofi hakutoshi. Wao ni mafanani wenza na waulizwe maswali.

(iii) Mfawidhi aanzishe kipindi kwa Kiswahili na aulize swali la kwanza kwa Kiswahili. Uzoefu unaonyesha kwamba lugha ya swali la kwanza huvuta lugha ya yale yanayofuata. Panapokuwa na wageni wanaozungumza lugha nyingine, awepo mkalimani.

(iv) Mwelekezi aombwe kutaja jambo moja alilolitoa wakati wa uhariri, na sababu yake. Swali hili dogo huifungua filamu kuliko maswali kumi kuhusu kamera.

(v) Kipindi chote kirekodiwe kwa idhini ya wahusika na kunakiliwa. Maktaba zetu zina ngano na methali zilizokusanywa kwa miongo mingi, lakini majibizano ya namna hii hupotea usiku ule ule. Humo mna ulumbi, kejeli, tasfida na ufundi wa kukwepa swali. Ni hazina kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu.

9.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kipindi cha maswali baada ya onyesho la filamu ni utendaji unaostahili nafasi katika taaluma yetu. Ndani yake filamu inaitikiwa, mwelekezi anageuka fanani aliye hai, na matini iliyodhaniwa kuwa imefungwa inafunguka. Tumeonyesha pia kwamba lengo la hisani, likiachwa bila tahadhari, linaweza kuibana hadhira na kumbana msanii mwenyewe, hata akakata kicheko kwa hofu.

Kwa upande wangu, nimejifunza kwamba swali nililolimeza lilikuwa mchango ambao sikuutoa. Noti niliyoitia kikapuni ilisaidia kununua tangi, nami sijutii. Lakini mwelekezi yule alihitaji pia kuulizwa kuhusu sauti ya msimulizi wake kabla hajaitengeneza filamu ya pili, na sisi tuliosomea kazi ya kuuliza tulikaa kimya. Aliyeuliza ni mama aliyesafiri usiku kucha kuja kujitazama. Tuliomo katika idara za Kiswahili tuna deni kwake. Onyesho lijalo likifanyika na taa zikawashwa, tusingoje mfawidhi atangaze kwamba muda umekwisha.